Kuifufua Kompyuta Kongwe: Mfumo Mwepesi wa Linux kwa Kazi ya Kutunga Programu

Utangulizi

Katika shule kadhaa za sekondari nilizopata kuzitembelea, kuna chumba ambacho hufunguliwa kwa nadra. Ndani yake mna kompyuta zilizopangwa mezani, au zilizorundikwa pembeni na kufunikwa turubai, nazo hazitumiki. Ukimwuliza mwalimu mhusika atakujibu kwamba ni mbovu. Ukizidi kumdadisi ubovu wenyewe ni upi, aghalabu atakuambia, "Zinawaka, ila ni nzito mno. Ukibonyeza leo, zinafungua kesho."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Chombo kinachowaka, kikapokea amri na kuitekeleza, ijapokuwa kwa kuchelewa, hakistahili kuitwa kibovu. Ni chombo kilichotwikwa mzigo uliozidi nguvu zake. Nia yangu ni kumweleza msomaji mzigo huo ni nini, unapimwaje, na jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kuupunguza kwa mikono yao wenyewe, hata kompyuta ya miaka kumi na mitano iliyopita ikawa karakana kamili ya kutungia programu.

Suala hili limekuwa na uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazinacho. Kwa hiyo mashine nyingi zilizo nzima zimo hatarini kutupwa, si kwa sababu zimeharibika, bali kwa sababu programu zimezikimbia. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Mtengenezaji wa programu aliye na mashine mpya mbele yake hauhisi uzito wa kile anachokitengeneza. Anayeuhisi ni yule aliye na mashine kongwe.

Mfumo wa uendeshaji ni nini?

Kompyuta ina vifaa vinavyoshikika: kichakato kinachofanya hesabu, kumbukumbu inayoshikilia kazi iliyopo mkononi, diski inayohifadhi mafaili, kioo na kibodi. Vifaa hivyo havijui kushirikiana vyenyewe. Mfumo wa uendeshaji ni mkusanyiko wa programu unaoviongoza, ukagawa muda wa kichakato kwa kila kazi, ukagawa nafasi ya kumbukumbu, na ukazuia kazi moja isivuruge nyingine.

Katikati ya mfumo huo kuna sehemu inayoitwa kiini. Linux, kwa maana halisi ya neno, ni kiini hicho tu. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Torvalds hakuanza patupu. Mwaka 1969 wataalamu wa Bell Labs huko Marekani, wakiwamo Ken Thompson na Dennis Ritchie, walikuwa wameanza kuujenga mfumo wa Unix, ambao fikra zake alizifuata. Aidha, tangu mwaka 1983 Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza zana zote za mfumo wa namna hiyo ziwe programu huria, yaani programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzibadili na kuwagawia wenzake. Kiini cha Torvalds na zana za GNU vilipokutana, ukapatikana mfumo mzima.

Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida, kama vile injini peke yake isivyomfikisha abiria aendako. Ndiyo maana kuna makundi yanayokusanya kiini, zana na programu nyingine, yakaviunganisha na kuvigawa vikiwa tayari. Kila mkusanyiko wa namna hiyo huitwa toleo la Linux. Mmojawapo ni Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, nao ndio nitakaoutumia kama mfano. Kutokana na Debian ulizaliwa mwaka 2004 mkusanyiko uitwao Ubuntu, kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo msomaji wa Kiswahili hahitaji kulitafuta katika kamusi ya mbali, kwani ni ndugu wa neno letu utu.

Jambo la kuzingatia ni hili: mfumo wa Linux si kitu kimoja kisichogawanyika. Ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna kiini. Juu yake kuna huduma zinazofanya kazi kimyakimya. Kisha kuna programu inayochora kioo. Kisha eneokazi lenye vidirisha, menyu na picha. Na juu kabisa ni programu anazozifungua mtumiaji. Kila tabaka iliyo juu ya kiini yaweza kubadilishwa, na nyingine zaweza kuondolewa kabisa. Uwezo huo ndio msingi wa kila kitu nitakachoeleza.

Kwa nini kompyuta huchelewa?

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta kongwe huchelewa kwa sababu kichakato chake kimechoka. Kichakato hakichoki. Hesabu kilichoweza kuzifanya siku ya kwanza ndizo kinachozifanya leo, kwa kasi ileile, mradi vumbi halijaziba feni yake. Mara nyingi chanzo cha uzito ni upungufu wa kumbukumbu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anasoma akiwa ameketi mezani, na vitabu vyake vingine vimo katika ghala. Meza ikitosha vitabu anavyovihitaji, kazi huenda upesi. Meza ikiwa ndogo, hana budi kurudisha kitabu kimoja ghalani kila anapotaka kingine, na muda wake wote huishia njiani. Meza ni kumbukumbu. Ghala ni diski. Kumbukumbu inapojaa, kiini huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski ili kupata nafasi, kisha huirudisha inapohitajiwa.

Tofauti ya kasi kati ya viwili hivyo ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Kuisoma kumbukumbu huchukua takriban sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kuisoma diski ya sumaku inayozunguka huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa kuwa lazima mkono wake usogee na sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa. Uwiano ni kama 1 kwa 100,000. Tukiikuza mizani hiyo ili kunyoosha mkono mezani kuwe sekunde 1, basi safari ya kwenda ghalani itakuwa sekunde 100,000, yaani zaidi ya saa 27. Yule mwalimu aliyesema "ukibonyeza leo, zinafungua kesho" alikuwa anakaribia ukweli kuliko alivyojua.

Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, zijulikanazo kwa jina la SSD, zimepunguza safari hiyo mara mia hivi. Katika mizani yetu ni kama dakika 17. Ni nafuu kubwa, na shule yenye fedha kidogo haitajuta kununua diski hizo kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo dakika 17 si sekunde 1. Dawa ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kazi inatosha mezani.

Kuupima mzigo

Tuichukue kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, sawa na megabaiti 2,048. Sehemu yake huchukuliwa na kifaa cha kuchorea kioo, zikabaki kama megabaiti 1,900. Takwimu zifuatazo ni za kukadiria, maana hutofautiana kwa toleo na kwa mashine, lakini zinaonyesha hali ilivyo.

Mfumo wenye eneokazi kubwa la kisasa hutumia megabaiti 1,000 au zaidi kabla mtumiaji hajafungua chochote. Kivinjari chenye kurasa kadhaa huchukua 1,000 nyingine. Vihariri vya programu vinavyopendwa sana siku hizi, ambavyo ndani yake vimejengwa juu ya kivinjari, huchukua kama 600. Jumla ni 2,600, nasi tunazo 1,900. Megabaiti 700 lazima zihamie ghalani, na safari za saa 27 zinaanza.

Sasa tuuchukue mfumo wenye eneokazi jepesi: takriban megabaiti 200. Kihariri chepesi: 60. Terminali: 30. Programu ya kukusanya msimbo wa mwanafunzi, wakati inapofanya kazi: chini ya 100. Jumla haifiki 400. Hata tukiongeza kivinjari chenye kurasa mbili, kwa megabaiti 600, tunafika 1,000 na nusu ya meza ingali tupu. Mashine ni ileile, mwanafunzi ni yuleyule, na kazi ya kutunga programu ni ileile.

Kabla ya kuanza

Kabla sijaeleza hatua zenyewe, sina budi kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mwalimu wa hisabati wa shule moja aliniomba nimsaidie kufufua kompyuta 12. Nilifika nikiwa na haraka ya mtaalamu anayejiamini. Katika mashine ya kwanza, kisakinishi kiliponiuliza kama nakubali diski yote ifutwe, nilikubali bila kumwuliza mtu. Siku ya pili ikabainika kwamba humo ndimo zilimokuwa alama za wanafunzi wa Kidato cha Tatu za mihula miwili, wala hapakuwa na nakala nyingine. Mwalimu wa taaluma hakunitamkia neno baya. Alinionyesha tu rundo la madaftari ambayo yeye na wenzake wangelazimika kuyapitia upya, moja baada ya jingine.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ya kwanza haihusu Linux kabisa. Iulize kila mashine ni ya nani na ina nini. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, yafungue katika mashine nyingine kuhakikisha kwamba yamenakiliwa sawasawa, kisha ndipo uendelee. Kufuta diski huchukua muda mfupi sana, na hakuna ujuzi utakaokuhakikishia kwamba utakirudisha kilichofutwa.

Kanuni ya pili ni kukijua kichakato. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2008 ni za biti 64, nazo huweza kupokea Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025. Zilizo za biti 32 haziwezi tena kusakinishiwa toleo hilo. Kwazo itumike Debian 12 ya mwaka 2023, ambayo imepangiwa kupata marekebisho ya usalama mpaka Juni 2028.

Kusakinisha kwa kuchagua

Siri ya mfumo mwepesi ni kuanza na kidogo kisha kuongeza, badala ya kuanza na kikubwa kisha kupunguza. Anayepunguza hukisia ni nini kisichohitajiwa. Anayeongeza hujua kwa nini kila kitu kimo.

Pakua faili dogo la kusakinishia Debian, ambalo halifiki gigabaiti 1, ukaliandike kwenye diski mweko. Iwashe mashine kutoka katika diski hiyo na ufuate maswali yake. Karibu na mwisho utaulizwa ni makundi gani ya programu unayoyataka. Hapo ondoa alama kwenye kila eneokazi lililoorodheshwa, ukaache zana za kawaida za mfumo tu. Mashine ikiwaka upya, utaona kioo cheusi chenye herufi, kikikusubiri uandike jina lako. Mwanafunzi asiogope. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilipewa akaunti katika seva ya idara isiyokuwa na picha wala vidirisha, nikadhani ni adhabu ya mgeni. Baada ya miezi michache nilitambua kwamba kioo hicho cheusi kilikuwa kimenifundisha kompyuta kuliko vitabu vyangu vyote, kwa kuwa hakikunificha kitu.

Hata hivyo, kwa wanafunzi wanaoanza, eneokazi lina faida yake. Ukiwa na mamlaka ya msimamizi, amri ifuatayo huleta kila kinachohitajika:

apt install xorg icewm lightdm pcmanfm lxterminal geany

Tuichambue. Neno apt ni jina la programu inayosimamia vifurushi. Ukitaja kifurushi, hukitafuta, hukileta pamoja na kila kinachokitegemea, na hukisakinisha. Xorg huchora kioo. IceWM, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1990, husimamia vidirisha na kuweka menyu na mwambaa chini ya kioo, hivi kwamba aliyezoea Windows hatapotea. LightDM hupokea jina na neno la siri. PCManFM huonyesha mafaili, LXTerminal huleta kidirisha cha kuandikia amri, na Geany ni kihariri cha kuandikia programu. Vifurushi sita, na kila kimoja kina sababu ya kuwapo.

Kuna huduma nyingine zinazojiwasha zenyewe, nazo husubiri wageni wasiokuja. Amri systemctl list-units --type=service itakupa orodha yake. Mashine isiyotumia vifaa vya bluetooth haina haja ya huduma yake. Isiyounganishwa na printa haina haja ya huduma ya kuchapisha. Zizime moja moja, ukiiwasha mashine upya kila mara, ili kitu kikiharibika ujue ni kipi kilichosababisha. Usizime huduma usiyoijua kazi yake. Isome kwanza katika mwongozo kwa amri ya man.

Kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo, ongeza kifurushi kiitwacho zram-tools. Hutenga sehemu ya kumbukumbu, na kazi ambazo zingehamishiwa kwenye diski hufinywa na kuwekwa humo. Data za kawaida hufinyika hata zikachukua nusu au theluthi ya nafasi yake ya awali. Kufinya na kufinyua huchukua muda wa kichakato, lakini muda huo ni mfupi mno ukilinganishwa na safari ya ghalani. Ni kama kuyapanga vizuri makaratasi juu ya meza badala ya kuyapeleka stoo.

Karakana ya mtunzi wa programu

Sasa tuijaze karakana zana zake. Amri moja inatosha kwa masomo ya sekondari na hata mwaka wa kwanza wa chuo kikuu:

apt install build-essential gdb git python3 python3-venv sqlite3 manpages-dev

Kifurushi cha kwanza huleta kompaila ya lugha za C na C++, ambayo huugeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa maagizo ya kichakato. Gdb humwezesha mwanafunzi kuisimamisha programu katikati ya kazi na kuchungulia thamani zilizomo ndani. Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni nyepesi kwa anayeanza. Sqlite3 hufundisha hifadhidata bila kuhitaji seva. Manpages-dev huleta miongozo ya lugha ya C, isomwe bila intaneti.

Git yahitaji maneno ya ziada. Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 ili kuwaunganisha watu wengi wanaoandika kiini cha Linux. Kazi yake ni kutunza historia: kila mwandishi anapofikia hatua ya kuridhisha huiweka kumbukumbu, na baadaye aweza kurejea hatua yoyote aliyoiandika. Kwetu sisi, ambako umeme hukatika bila taarifa, historia hiyo ni kinga. Mwanafunzi aliyeihifadhi hatua yake saa nne hatapoteza zaidi ya kazi aliyoifanya baada ya saa nne. Lakini historia iliyo katika diski hiyohiyo haimwokoi mtu diski ikifa, kwa hiyo nakala ya nje haiachwi.

Mtu aweza kuuliza kama Geany inatosha, hali wataalamu wa makampuni hutumia vihariri vikubwa vinavyokamilisha maneno na kusahihisha makosa kabla hayajatokea. Kwa mtaalamu, msaada huo huokoa muda. Kwa mwanafunzi, kuna faida ya kuona kosa likitokea. Anayesahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa lugha ya C ataambiwa na kompaila ni mstari upi wenye kasoro, na atajifunza kusoma ujumbe huo. Katika Geany, kitufe cha F9 hujenga programu na F5 huiendesha. Yaliyobaki ni akili ya mwandishi.

Shule yenye intaneti haba

Kizuizi kikubwa katika shule nyingi ni gharama ya data. Kompyuta 12 zikipakua vifurushi vilevile, shule hulipia mara 12 kitu kimoja. Suluhisho lake linaitwa apt-cacher-ng. Hii ni programu inayowekwa katika mashine moja, nayo huwa bohari ya shule. Mashine ya kwanza inapoomba kifurushi, bohari hukileta kutoka nje na kukihifadhi. Nyingine zinapokiomba, hukipata humohumo shuleni kupitia waya wa mtandao, bila kutumia data. Pale pasipo na intaneti kabisa, mwalimu aweza kupakua mjini picha kubwa ya DVD ya Debian, yenye takriban gigabaiti 4, inayobeba vifurushi vingi vinavyotumika sana, akaisafirisha shuleni katika diski mweko.

Mipaka yake

Sitaki msomaji adhani kwamba wepesi hautozwi kitu. Mfumo mwepesi humdai msimamizi wake muda na maarifa, hasa mwanzoni. Kuna vifaa, kama baadhi ya kadi za mtandao usiotumia waya, vinavyosumbua. Kuna programu za ofisi na za masomo zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows tu, na mwalimu anayezihitaji yafaa aiache mashine moja jinsi ilivyo. Kurasa za intaneti zimekuwa nzito mno, na hakuna eneokazi jepesi litakalozipunguzia uzito. Tena, kutunga programu za simu kwa zana rasmi za Android hudai gigabaiti nyingi za kumbukumbu. Mashine ya gigabaiti 2 haitaiweza kazi hiyo. Ni vema kusema ukweli huu mapema, ili asiyefanikiwa asije akajilaumu bure.

Jaribio kwa wanafunzi

Walimu waweza kulifanya jaribio hili katika vipindi viwili. Washa mashine, na kabla ya kuingia katika eneokazi bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na F3 upate kioo cheusi. Ingia, kisha andika amri free -m, nayo itakuonyesha kumbukumbu inayotumika kwa megabaiti. Iandike daftarini. Rudi, uingie katika eneokazi, ufungue LXTerminal na kupima tena. Fungua Geany, pima. Fungua kivinjari chenye ukurasa mmoja, pima. Fungua kurasa tano, pima. Chora grafu ya nguzo, kila nguzo ikionyesha hatua moja.

Kisha jibuni maswali haya. Ni hatua ipi iliyoongeza mzigo zaidi? Amri hiyohiyo huonyesha pia mstari wa Swap, yaani kazi iliyohamishwa kutoka mezani: namba yake ilianza kupanda katika hatua gani, na je, mlihisi kuchelewa wakati huo? Mashine mbili zinazofanana zikiwa na maeneokazi tofauti, tofauti ya nguzo ni kiasi gani? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kwa takwimu zake mwenyewe atakuwa amefanya sayansi ya kompyuta, hata kama hajaandika mstari mmoja wa msimbo.

Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu kibali cha kufanya hivyo, kwa kuwa leseni ya programu huria ilikuwa imekwisha kuwapa ruhusa hiyo. Ruhusa ileile ameshikilia mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyeketi mbele ya kompyuta kongwe yenye Debian. Aweza kuufungua msimbo wa karibu kila programu iliyo mbele yake, akausoma, akaubadili, na akaona kilichotokea.

Katika ile shule niliyofuta alama, mashine 9 kati ya 12 zilifufuka. Tatu zilikuwa na hitilafu ya kweli, tukazivunja kupata vipuri. Niliporudi baada ya muhula mmoja, nilikuta karatasi imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa wanafunzi, imeorodhesha huduma zote za mfumo, na mbele ya kila moja wameandika kazi yake na kama wanaihitaji au la. Mbele ya huduma mbili waliandika, "Hatujajua bado." Na kabla ya kuniruhusu kuigusa mashine yoyote, kiongozi wao aliniuliza kama nimekwisha kunakili mafaili.

Ndugu mwalimu, kabla hujasaini fomu ya kuzitupa kompyuta zilizomo katika chumba hicho, washa moja. Ikiwaka, wakabidhi wanafunzi wako amri ya free -m na daftari, uwaache wapime.